Mashimo Juu ya Mutsamudu

Mimi sikuumbiwa kukaa. Mke wangu alikuwa akisema kwamba nikikalishwa kwenye kiti, kinachochoka ni kiti. Ugonjwa huo niliupata Kondoa nilipokuwa mwanafunzi, nikilala chali chini ya miamba, karatasi ya nailoni imetandazwa juu yangu, nafuatisha kwa wino watu wembamba wekundu ambao hakuna ajuaye ni nani aliyewachora. Ukishashinda miezi ukitazama jiwe namna hiyo, huwezi tena kupita ukuta bila kuusogelea. Nimepapasa kuta za misikiti, vizingiti vya maduka, hata sakafu ya benki moja mjini Moroni, mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimeangusha nini.

Nilizaliwa Unguja kwa wazazi Wangazija, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili na kugombana kwa Kingazija. Baada ya masomo tulihamia Moroni, kisiwani Ngazija, kwa sababu mama alitaka kufia kwao. Nilishuka bandarini na kasha la picha nilizokusanya kwa miaka: ng'ombe wa majangwa ya Sahara, pofu wa kusini mwa bara, viganja vilivyopulizwa rangi huko Australia, farasi wa mapangoni Ufaransa. Nilitaka kuandika kitabu cha Kiswahili kitakachoeleza jinsi watu wa pande zote za dunia walivyochora mawe, na jinsi sisi tuliokuja nyuma tunavyojaribu kuwaelewa. Kumbe nilikuwa nimeangukia kwenye kisiwa kisicho na mchoro wowote wa kale. Ngazija ni mawe meusi ya volkano tupu, na mlima ukijisikia hupaka upya. Nikawa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, na kasha langu likakaa chini ya kitanda likila vumbi.

Mke wangu nilikutana naye Moroni kwenye mafunzo ya walimu, lakini yeye ni wa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani, na visiwani kwetu anayehama ni mwanamume. Nyumba ni ya mwanamke. Ama amejengewa na wazazi, ama ameirithi kwa mama yake, na mume huingia humo siku ya harusi na sanduku lake la nguo. Ndoa ikivunjika, sanduku huwekwa nje ya mlango na mtaa mzima huelewa bila tangazo. Hakuna mwenye haki ya kulitoa isipokuwa mwenye nyumba. Hata baba yake, hata mjomba wake, akisimama mlangoni anapiga hodi kama mtu mwingine.

Nilikaa vizuri katika nyumba ile. Nasema vizuri kwa kipimo changu, yaani nilikuwa napanda na kushuka ngazi mchana kutwa, natoka kwenda shule, narudi, natoka tena kutembea vichochoroni, na mke wangu ananiacha. Ndipo Nzwani ikajitangaza kuwa si sehemu ya nchi tena.

Yaliyotokea wengi wanayajua. Bendera ya Ufaransa ilitundikwa madirishani na watu ambao baba zao walishangilia iliposhushwa. Wanajeshi wakaletwa kutoka Moroni kwa nguvu, wakapigwa, wakaondoka na aibu. Tangu siku hizo ulimi wangu ukawa mzigo. Kingazija na Kinzwani ni ndugu, lakini ukifungua mdomo tu unajulikana umetoka wapi. Muuza samaki aliyekuwa akinitania akaanza kunihudumia kimya kimya, na kimya chake kilinitia hofu kuliko matusi. Walimu wenzangu waliotoka Ngazija waliondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwa sababu mke wangu yuko pale, na kwa sababu mwanamume wa kwetu akishaoa hana kwake pengine. Nilikuwa na jambo moja tu la kutaka duniani: niachwe niendelee kuishi katika nyumba ya mke wangu. Nililitaka usingizini na darasani, na nilikuwa nazunguka mji kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mjomba wa mke wangu, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuwa na duka la vitambaa na baraza ambapo kila alasiri alicheza bao na wazee wenzake, na alikuwa hodari kweli. Alinipenda. Siku ya harusi ndiye aliyenishika mkono akaniingiza ndani, na tangu siku hiyo hakuwahi kula tende bila kunibakishia. Pia alikuwa mmoja wa waliosimamia kujitenga katika mtaa wetu. Alikuwa akitaka mambo mawili kwa pamoja, Wafaransa warudi na ithibitike kwamba watu wa Nzwani ni taifa la kale lisilo na uhusiano na Ngazija. Nilipomuuliza taifa la kale linaombaje kutawaliwa tena, alicheka akasema mimi ni mwalimu, maswali yangu yote ni ya mtihani.

Siku moja alinifuata nyumbani. Nikamwamkia kwezi, salamu ya mdogo kwa mkubwa, akaitikia, akakataa kahawa.

"Mkwe wangu," akasema, "kuna jiwe limeonekana juu huko. Mvua imelifukua. Lina maandishi."

Mtu mwingine angekumbuka siku tulizokuwa nazo akauliza kwa uangalifu. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

Tulipanda hadi juu ya mji, tukaipita ngome, tukaingia kwenye shamba la milangilangi, ile miti ya maua ya manukato, lililokuwa la Wafaransa zamani, ambalo sasa limebaki vichaka na harufu. Udongo ulikuwa umeporomoka, na jiwe lile jeusi lilikuwa limetokeza ubavuni mwa mlima, pana kama mlango, limeinama kiasi kwamba ukiweka chungwa juu yake halikai. Uso wake ulikuwa umejaa vishimo, vingine vimezibwa na matope na kuvu. Pembeni palikuwa na mikwaruzo mirefu, imelazana, mipana katikati na myembamba nchani.

"Hizi ni nyota," mjomba akasema akionyesha vishimo. "Wazee wetu walizihesabu. Na haya ni maandishi ya kabla ya Kiarabu. Sasa wewe ndiye mwenye ilimu yake."

Mwalimu wangu wa Kondoa alitulazimisha kutaja kwanza kile tunachokiona, na kukiacha kile tunachokitaka mpaka mwisho. Nilipiga magoti. Nikasafisha matope kwa kidole. Kabla sijamaliza safu ya pili nilikuwa nimeshajua, na moyo ukanishuka.

Safu zilikuwa nne. Kila safu ilikuwa na vishimo vinane, isipokuwa ya chini kabisa ambayo ncha yake ilikuwa imemeguka. Katika safu mbili za ndani kulikuwa na shimo moja la pembe nne kila upande, mahali pake palepale panapotakiwa. Lilikuwa bao. Mjomba, aliyekuwa akicheza bao kila alasiri ya uhai wake, alikuwa amesimama juu ya bao na kuona nyota. Simcheki. Bao hulazwa, na hili lilikuwa limesimama nusu, limejaa matope, na yeye alikuwa amekuja na nyota zake tayari kichwani. Wenzangu wenye shahada kubwa wamefanya vivyo hivyo katika mabara yote. Vishimo vya mawe vimeitwa nyota, vimeitwa mvua, vimeitwa matiti ya mungu wa kike, na mahali pengine labda ni kweli. Mikwaruzo ya kunolea visu imewahi kuchapwa vitabuni kama alfabeti.

Hapa hapakuwa na labda. Ndani ya mashimo kulikuwa na alama za tindo la chuma, bado zina makali. Maji yangekuwa yamepita juu ya jiwe lililoinama kwa karne nyingi, kingo za chini za mashimo zingeliwa zaidi kuliko za juu, lakini zilikuwa sawa pande zote. Jiwe lilichongwa likiwa limelala, likaporomoka baadaye pamoja na udongo wa shamba. Mikwaruzo ya pembeni ilitokana na kunoa mapanga. Nikawaona wazi waliolifanya: vibarua wa milangilangi, na kabla yao watumwa walioletwa kutoka bara, wamepumzika saa ya jua kali, mmoja ananoa panga, wawili wanacheza. Niliguswa. Kwa miaka nilikuwa nimetafuta mkono wa mtu juu ya jiwe la visiwa vyetu, na sasa nilikuwa nimeupata, na haukuwa ule uliotakiwa.

"Unaonaje?" mjomba akauliza.

"Nahitaji kulitazama tena," nikasema.

Tulipokuwa tunashuka alinieleza mpango wake. Ijumaa, baada ya sala, watu watakusanyika kwenye uwanja wa mji, nami nitasimama niwaambie kuhusu jiwe.

"Akisema Mnzwani watasema anajisifu. Akisema Mngazija, mtaalamu, nani atabisha?" Akanishika bega. "Na baada ya hapo, mwanangu, hakuna atakayekugusa katika mji huu. Utakaa na mkeo mpaka mzeeke."

Alisema kwa nia njema. Alikuwa ametafuta njia ya kunihifadhi, akaipata ndani ya jiwe.

Siku zilizofuata nilikuwa sikamatiki. Nilipanda kwenye lile jiwe asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, nikitumaini nitakuta nimekosea. Nilifuatisha kila shimo kwenye nailoni, nikaitandaza karatasi sakafuni nyumbani, na hapo, ikiwa imelala, ilikuwa bao waziwazi, ilikosa kete tu. Mke wangu alipita na kikapu cha nguo, akasimama.

"Mbona umechora bao?"

Nikamweleza. Akaketi kwenye ngazi akasikiliza mpaka mwisho, Ijumaa, uwanja, ahadi ya mjomba, kila kitu.

"Na utasema nini?"

"Nitasema inawezekana."

Neno hilo ndilo nguzo ya fani yetu. Inawezekana ni ibada. Inawezekana ni kalenda. Nimesoma vitabu vinene ambavyo ukiondoa "inawezekana" zinabaki picha tupu. Nilikuwa na haki nalo kama mtaalamu yeyote. Nisingesema uongo, ningeuacha mlango wazi wapite na nyota zao.

"Haya," mke wangu akasema. "Wewe ndiye unayeyajua mawe." Akainua kikapu chake akaendelea na kazi.

Ijumaa uwanja ulijaa. Watu wa mji walikaa mbele na makoti yao, na nyuma walisimama wakulima walioshuka kutoka milimani. Mjomba alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema kuhusu wazee waliohesabu nyota wakati Ngazija bado ni moto. Alisema kuhusu maandishi. Kisha akanigeukia, na kwa furaha yake akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumelikubaliana. Akatoa karatasi aliyonakilia mikwaruzo, akanipa mbele ya watu wote.

"Mkwe wangu atatusomea," akasema.

Nilikuwa na neno langu mdomoni. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikulitoa, na nimejibu kwa namna nyingi, nyingine nzuri kuliko nilivyostahili. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Maisha yangu yote nimewaona watu wakiyalazimisha mawe yaseme, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimesimamishwa kusoma mnoleo wa panga kama aya. Nikawaona wale wakulima nyuma, wengine wana mapanga mikononi, wamenyoosha shingo kusikia wazee wa mjini waliandika nini.

"Hakuna cha kusoma," nikasema. "Hapa mtu alinoa panga. Na vile vishimo ni bao. Walichonga watu wa shamba, walipokuwa wakipumzika. Jiwe liliporomoka ndiyo maana halitambulikani. Safu nne, vinane vinane. Nendeni mkahesabu."

Kisha huko nyuma mkulima mmoja akacheka, kicheko cha mtu aliyetambua kitu chake, na kicheko kikapita safu kwa safu mpaka mbele. Watu wa Mutsamudu wanajua bao. Sauti moja kati ya wazee, mmoja wa wale wale wa barazani, ikasema: "Mwenzetu, leo umefungwa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mjomba hakunitazama. Alikunja kitambaa chake cha begani akatoka katikati ya watu, na watu wakampisha bado wanacheka. Angenikasirikia kwa kusema kweli ningevumilia. Lakini alikuwa mtu mzima aliyechekwa mbele ya mji wake kwa sababu ya mume wa mpwa wake, na mume mwenyewe Mngazija. Nilitaka kumkimbilia. Nilibaki na karatasi yake mkononi.

Kufikia Jumamosi asubuhi vijana walikuwa wamekaa mkabala na mlango wetu. Hawakufanya kitu, walikuwa wamekaa tu, wakilitaja kabila langu kila nikipita dirishani, nami sikuweza kuacha kupita dirishani. Alasiri mjomba alikuja. Alipiga hodi, akasubiri, akaingia alipokaribishwa. Hakuketi.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "weka sanduku lake nje. Likionekana nje, hawa nitawaondoa, naye atashuka bandarini salama. Lisipoonekana, sina la kufanya. Hawanisikii tena mimi. Wananicheka."

Mke wangu akamsikiliza kama alivyonisikiliza mimi. Kisha akapanda juu. Nilisikia makabati yakifunguliwa. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, kwa mara ya kwanza miguu yangu haina pa kwenda, na niliwaza kwamba ana haki, nyumba ni yake, mjomba ni wake, mimi nimeingia na sanduku na nitatoka na sanduku. Akashuka nalo, akalitoa mwenyewe, akaliweka kizingitini mbele ya macho ya vijana wale. Akapanda tena. Akarudi na lake.

"Wewe unakwenda wapi?" mjomba akauliza.

Mke wangu alizunguka vyumba vyote akifunga madirisha, bila haraka, kisha akafunga mlango mkubwa na kumkabidhi mjomba wake ufunguo kwa mikono miwili. Mwanamke wa Mutsamudu haiachi nyumba yake. Kuachwa anaachwa, kuacha anaacha, lakini kutoka hatoki yeye. Mjomba alishika ule ufunguo kama kitu cha moto. Tulishuka bandarini, na hakuna aliyetugusa.

Moroni tulifikia kwa dada yangu, nyumbani kwake kule Ntsudjini, nje kidogo ya mji, maana mama alikuwa ameshafariki na nyumba ya mama ni ya binti. Dada alimpokea wifi yake kwa mapenzi. Lakini mke wangu alikuwa mgeni katika jiko la mwanamke mwingine, jambo ambalo katika maisha yake hakulijua, na kila alichotaka kukigusa alikiomba. Nilipata tena kazi ya ualimu. Nilianza kuandika kuhusu lile bao, na nilifurahi, nakiri nilifurahi. Zilikuwa kurasa za kwanza nilizoandika ambazo hazikuwa na "inawezekana" hata moja.

Yeye alikuwa akipungua sauti. Mazungumzo ya kupatanisha visiwa, yaliyofanywa ng'ambo, yalipovunjika na wajumbe wa Nzwani wakarudi bila kutia saini, Moroni ikageuka kama Mutsamudu ilivyogeuka. Vijana waliweka magogo barabarani wakawa wanawasemesha wapita njia ili wasikie lafudhi zao. Mke wangu akawa anakwenda soko la Volo Volo na kununua kwa kidole, anaonyesha nyanya, anaonyesha samaki, anatikisa kichwa. Mimi niliyejigamba kuwasoma watu waliokufa kwa alama zao, nilimwona akifanya hivyo nikadhani ni ujanja wa sokoni.

Siku moja alirudi na kikapu kitupu na buibui lililochanika begani. Mwanamke mmoja alimkanyaga, na mke wangu, aliyekanyagwa, ndiye aliyesema "samahani", kwa Kinzwani. Ilitosha. Nilikuwa barazani na karatasi zangu. Nilisimama, nikaanza kuzunguka, nikawatukana vijana wa Moroni, wazee wa Mutsamudu, Wafaransa, wote.

"Keti," akasema.

Nikaketi.

"Ungesema inawezekana. Ulikuwa nalo neno."

"Jiwe lile lilikuwa bao. Wewe mwenyewe uliliona."

"Nililiona. Wale waliolichonga wamekufa, hawakukutuma uwatetee." Alikuwa analifungua buibui ili atazame palipochanika. "Umelipima jiwe kwa tindo, kwa maji, kwa kingo, ukajua umri wake. Nyumba yangu ilijengwa na bibi wa bibi wa mama yangu, kabla ya mlangilangi wowote kupandwa pale juu. Nyumba yangu ni ya kale kuliko jiwe lako. Hiyo hukuipima."

Jibu lake nalitafuta mpaka leo, huku nikitembea katika nchi nyingi na mbele ya miamba mingi.

"Nirudishe," akasema.

Kesho yake niliteremka bandarini. Watu walikuwa wamejaa na magodoro na masufuria, na karani wa chombo alikuwa amekaa juu ya gunia akiandika. Nikamwambia nataka nafasi mbili za kwenda Mutsamudu. Alinisikiliza nikisema maneno hayo, kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba chombo kinachukua Wanzwani peke yao. Nikaandikisha mmoja.